Pikapu ya kazi, lakini Jumapili nataka watu wageuke: nianzie wapi?

MwanaKampemba

Bandugu, na dada zetu mnaoshika usukani, salamu kutoka Lubumbashi.

Nina Hilux ya 2017, kabini mbili, mazutu (dizeli), injini ya lita 2.4, gia za mkono, usukani kushoto. Nyeupe. Imetoka mgodini upande wa Kolwezi, na kila anayeiona anajua imetoka mgodini kabla sijafungua mdomo. Kwenye mlango wa dereva walibandua namba ya kampuni, ila rangi iliyokuwa chini ya ile karatasi haikuwahi kupigwa na jua. Kwa hiyo saa kumi jioni, mwanga ukiingia kwa ubavu, namba inarudi: weupe juu ya weupe. Kwenye paa kuna matundu ya taa ya kuzunguka, yamezibwa kwa silikoni na mtu aliyekuwa na haraka. Ukiinua kiti cha nyuma unakuta vumbi la Kolwezi, ambalo nimelifagia mpaka nimekubali kuishi nalo.

Kazi yake ni simenti, mabati, misumari, rangi. Napakia mjini, napeleka Likasi kwa wenye maduka, kilomita kama 120 kwenda. Na makala ya mama mkwe, ambayo hayana bei.

Tatizo langu ni Jumapili. Misa ikiisha, wenye pikapu tunakutana mtaa wa Golf, magari yameoshwa, kapoti (boneti) ziko wazi, kila mtu anamweleza mwenzake kitu ambacho mwenzake anakijua. Kuna Land Cruiser 79 nyeusi yenye janti (rimu) rangi ya shaba. Mwenyewe haruhusu mtu kuiegemea. Kuna Ford Ranger iliyoletwa kutoka Afrika Kusini, imeinuliwa mpaka shemeji yetu anapanda akiwa ameshika kitenge kwa mkono mmoja na mlango kwa mwingine. Mimi nikiegesha, hakuna anayegeuka. Mwezi uliopita kijana mmoja alinifuata, kwa heshima kabisa, akaniuliza nimekuja kumchukua bosi gani.

Nimetenga dola 1,800. Ninavyovitamani: kuinua gari inchi 2 au 3, matairi 285/70R17, janti nyeusi, taa ya mstari ya LED juu ya paa, taa za mbele za kisasa (kuna jamaa anazileta kutoka Ndola, Zambia), na ule mlingoti wa bendera wa mgodini, mrefu, wenye taa nyekundu nchani. Najua hela haitoshi kwa vyote. Nianze na nini, niache nini, na nini kitanivunjia gari njiani nikiwa na simenti nyuma? Mama watoto amekubali kwa sharti moja, gari isilale garaji wiki nzima.

Msiniambie nijenge kwanza. Hilo nalisikia nyumbani bure.

---

FundiWaKatuba

Pole na habari ya bosi, kaka.

Mimi kazi yangu ni miguu ya gari: lesori (springi), amotiseri (shokomzoba), rotile (viungo vya tufe vinavyoshika gurudumu), yote yaliyo chini ya sakafu. Nitaanza na matairi kwa sababu hapo ndipo watu wanapoteza makuta.

Tairi lako la kiwandani, kama kule mgodini hawakubadilisha, ni 265/65R17. Kimo chake ni kama milimita 776. Hiyo 285/70R17 unayoitamani inafika 831. Tofauti ni sentimita 5 na nusu, lakini nusu yake tu ndiyo inayoinua gari. Nusu nyingine inapanda juu kutafuta bodi, na itaipata: nyuma ya gurudumu la mbele, pale plastiki ya ndani inapokutana na chuma, ukikata usukani hadi mwisho. Wengine wanapasha plastiki moto na kuisukuma, wengine wanakata kwa msumeno na kuombea mvua isinyeshe. Tena kipimo cha mwendo kinahesabu mizunguko, hakijui umeweka tairi gani. Kikikuambia 80, wewe unakwenda karibu 86. Gia nazo zinakuwa ndefu. Injini ya 2.4 yenye simenti, vile vilima vya kuingia Likasi ulivyovizoea kwa gia ya nne utavipanda kwa ya tatu, na mazutu utayaona yakishuka.

Chukua 265/70R17. Kimo milimita 803, tofauti asilimia 3 na nusu, hukati kitu, na tairi la akiba linaingia mahali pake chini. Tafuta yenye meno ya njia ya udongo, na maandishi meupe yatazame nje. Hilo halikugharimu hata franga. Ila soma namba ya mzigo ubavuni, isiwe chini ya 112. Hiyo 112 maana yake ni kilo 1,120 kwa tairi moja. Kuna matairi mazuri ya sura yanayouzwa mjini ambayo yametengenezwa kwa gari ya kwenda harusini.

Kuinua: inchi 2, basi. Hilux mbele kila gurudumu linajitegemea, na linazungushwa na kardani fupi yenye viungo viwili. Ukiinua, kardani inalala kwa pembe kali. Kwa inchi 2 inavumilia. Kwa 3 mipira ya viungo inaanza kupasuka, vumbi linaingia kwenye grisi, na baada ya hapo utasikia ta-ta-ta kila ukikata kona. Usikubali vile visahani vya aluminiamu vinavyowekwa juu ya amotiseri; vinainua sura, nguvu haviongezi. Badilisha lesori za mbele zenyewe. Nyuma, mtu akikuambia aweke bloki kati ya ekseli na lesori, mshukuru na uondoke. Bloki na simenti haviishi nyumba moja: ukikanyaga mafuta kwenye mlima, ekseli inataka kujipinda na ile bloki inaisaidia. Omba lesori mpya zenye bamba nene.

Lakini kabla hujanunua kitu kinachong'aa, niachie nilale chini ya hiyo gari. Imetoka mgodini. Unaweza kuanza mwenyewe: inua gurudumu la mbele, shika mkono mmoja juu na mmoja chini, sukuma na kuvuta. Likicheza, ni rulema (beringi) au rotile. Shika kushoto na kulia, fanya vilevile. Likicheza hapo, ni vichwa vya usukani. Ukiinua gari yenye rotile zilizochoka unakuwa umeinua tatizo, na kila mtu Golf ataliona vizuri zaidi.

Na ukimaliza, paralelisme (kupima na kunyoosha magurudumu) siku hiyohiyo. Vinginevyo matairi mapya yataliwa upande wa ndani kabla hujamaliza kuyaonyesha.

---

Mtoto_wa_Kenya

Fundi unamtisha mtu bure. Weka 285, kata plastiki, twende. Mbona tunatembea nazo hapa komuni ya Kenya, Lubumbashi hii hii, na hakuna aliyekufa? Hakuna mtu anayegeukia 265/70. Utamaliza dola zako zote na bado utaulizwa bosi yuko wapi.

---

FundiWaKatuba

Wewe nyuma unapakia nini? Spika. Yeye anapakia simenti. Mifuko 20 ya kilo 50 ni tani nzima, bado yeye mwenyewe, msaidizi, na kile chuma cha mbele ambacho najua wiki ijayo atakitamani. Gari hiyo haikutengenezwa kubeba zaidi ya tani moja na watu wake ndani. Kila kilo ya urembo inatolewa kwenye simenti.

---

Mama_Njia_ya_Kasenga

Wanangu, nimesoma nikacheka peke yangu hapa dukani.

Mimi nina Land Cruiser 79, ile ya injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, bila turbo, bila kompyuta. Inaleta samaki kutoka Kasenga. Haijainuliwa hata kidole, na ikiingia sokoni watoto wanaitaja jina. Kwa nini? Kwa sababu ina jina. Nilimpa kazi fundi wa maandishi, mzee mmoja anayechora vibao vya saluni. Alikaa kutwa nzima chini ya mwembe, brashi nyembamba mkononi, akaandika jina la kijiji cha mama yangu juu ya kioo cha mbele, herufi nyekundu zenye kivuli cha njano. Kila akimaliza herufi anarudi nyuma hatua tatu, anafumba jicho moja, anarudi kuirekebisha mkia. Kwenye mabaveti ya nyuma (mipira inayoning'inia nyuma ya magurudumu) akaandika methali mbili, sizitaji hapa, njooni barabarani mzisome. Viti nimevishona kwa kitenge kimoja na cha kwenye dari. Klakso (honi) ni ya sauti tatu. Kulabu za kamba pembeni ya karoseri (sehemu ya mzigo) nimezipaka rangi kila moja kivyake, ili mpakiaji nikimwambia "funga kwenye ya kijani" asiniulize ipi.

Hivyo vyote vinafanya kazi. Mabaveti yanazuia mawe, klakso inaondoa mbuzi, kitenge kinaficha mafuta ya samaki.

Sasa wewe mwanangu wa Kampemba. Unalalamika kwamba watu wanakuona dereva wa kampuni. Halafu unataka kununua mlingoti wa bendera wa mgodini! Ule mlingoti huko una kazi yake: dereva wa lile lori linalobeba tani mia amekaa juu sana, pikapu ikiwa karibu haioni, anaona bendera. Hapa mjini hilo lori liko wapi? Utajichomekea mwenyewe alama ya wale unaotaka kutoka kwao, na yule kijana atakuja tena, safari hii bila kuuliza, atafungua mlango wa nyuma na kukaa.

Ile namba kwenye mlango usiipigie rangi. Ukipiga rangi mlango mmoja, utakuwa mweupe kuliko mwingine, na Jumapili utaanza kueleza ajali ambayo haikutokea. Mpe fundi wa maandishi auandikie juu yake. Jina la biashara yako, kubwa, lianzie mlango wa mbele liishie wa nyuma. Dola chache tu, na siku sita za wiki linakutafutia wateja.

Neno moja kuhusu rangi. Usije ukaandika kwa nyeusi na nyeupe, hizo ni rangi za Mazembe, na mashabiki wa Lupopo, mahasimu wao wa mpira hapa mjini, simenti watanunua kwingine. Wala usije na bluu na njano, hizo ni za Lupopo. Mimi nilichagua nyekundu baada ya kufikiri sana.

---

Mpita_Kasumbalesa

Shikamoo Mama. Kaka MwanaKampemba, mimi nazungumzia taa tu, kwa sababu ni mimi ninayekutana nazo usiku.

Hizo taa za mbele za kutoka Ndola, acha. Zambia wanaendesha kushoto. Taa ya chini ya gari ya huko imetengenezwa imulike zaidi upande wa kushoto, kwenye ukingo wa barabara yao, penye waenda kwa miguu. Sisi tunaendesha kulia. Kushoto kwetu si ukingo, ni macho yangu mimi ninayekuja. Ndiyo maana magari mengi ya usukani wa kulia yaliyovuka mpaka yanapofusha watu hata yakiwa yamewasha taa ya chini, na wenyewe wanashangaa kwa nini tunawapigia fulu (taa za juu). Wewe una bahati, gari yako ina taa za upande wetu. Usilipe hela ili uziharibu. Kama vioo vyake vimefifia, vinasuguliwa, vinarudi.

Na ukishainua gari inchi 2, taa nazo zimepanda na wewe. Zishushwe. Kuna skrubu nyuma ya kila taa; simama mbele ya ukuta usiku, gari ikiwa na mzigo wako wa kawaida, maana simenti inakalisha nyuma na kuinua pua.

Taa ya mstari juu ya paa: mchana inapendeza, sikatai. Usiku inamulika kapoti yako nyeupe na mwanga unarudi machoni mwako. Kiangazi, kwenye vumbi jekundu la njia ya pembeni, ndiyo kabisa, unaona ukuta mweupe. Zifunge mbili ndogo za njano chini, kwenye bampa. Zinapita chini ya vumbi. Ukiing'ang'ania hiyo ya mstari, ikiwa ya wati 180 kwa volti 12 inavuta ampea 15. Usiiunge kwenye waya wa taa za kawaida. Relei, fyuzi ya 20 karibu kabisa na betri, waya mnene, na waya upite mbali na bomba la moshi. Nimeona pikapu ikiungua kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa kwa sababu ya waya mwembamba kama wa redio.

Mjini uzime.

---

MwanaKampemba

Asanteni wote. Mama, shikamoo, umenichapa mbele za watu na sina la kujibu kuhusu bendera. Nilikuwa nimeshaulizia bei.

Nimefanya ulichosema, Fundi. Niliinua mbele jana jioni. Kulia, mkono juu na chini, kimya kabisa. Kushoto linacheza, kidogo, lakini nikimwita msaidizi ashike naye anasikia: klok, klok. Kwa hiyo dola za kwanza zinaenda huko, na naona zinavyoondoka bila kuonekana na mtu yeyote Golf. Inauma, lakini haya.

Mpango sasa: rotile, lesori za mbele na za nyuma kwa inchi 2, paralelisme, halafu matairi 265/70R17 yenye maandishi nje. Janti sibadilishi, hizi hizi zisafishwe zipakwe nyeusi, na hapo sitaki ushauri, nyeusi ni nyeusi. Taa mbili za njano kwenye bampa. Za Ndola nimemwambia jamaa basi. Na milango yote minne kwa fundi wa maandishi.

Swali kwa Mama: herufi ziwe na kivuli au bila? Nimefikiria kijani kibichi na kivuli cheusi. Na huyo mzee wa chini ya mwembe anapatikana wapi?

Swali kwa Fundi: Jumamosi mchana hadi Jumatatu asubuhi inatosha?

---

FundiWaKatuba

Inatosha ukileta vipande vyote mkononi. Kikikosekana kimoja tu, gari italala juu ya magogo na mama watoto atanipigia mimi simu. Lete Jumamosi saa sita, karoseri tupu, na uioshe chini kwa maji ya nguvu siku mbili kabla, bolti za mgodini zina udongo uliogeuka tofali.

Na nikufariji kuhusu yule wa 79 nyeusi. Kama yake ni V8 (injini ya silinda nane), Jumapili simama nyuma yake uchuchumae. Magurudumu ya nyuma yameingia ndani kuliko ya mbele, karibu sentimita 10 ukijumlisha pande zote mbili. Walipoingiza ile V8 mwaka 2007 walipanua mbele ili injini ienee, nyuma wakaacha kama ilivyokuwa. Kama hayaonekani kuingia ndani, ameweka spesa (visahani vya kusukuma magurudumu nje). Mwulize kwa upole rulema zake zina hali gani.

---

Mama_Njia_ya_Kasenga

Kijani na kivuli cheusi ni sawa. Kivuli kiende upande mmoja kwenye milango yote, mzee anajua, lakini mkumbushe. Nitakutumia namba yake kwa ujumbe wa faragha, hapendi kuwekwa hadharani, ana madeni.

Na umwandikie maneno kwenye karatasi kwa herufi kubwa kabla hajaanza. Anachora vizuri kuliko anavyosoma. Kuna saluni moja hapa Ruashi inaitwa "Bonté ya Bwana" bila t.

---

Mtoto_wa_Kenya

Haya nimeshindwa. Matairi yako ya zamani unauza? Nina Vigo, ile Hilux ya kabla ya yako, saizi ileile, na kama Fundi alivyosema, nabeba spika tu.

---

MwanaKampemba

Mawili nitakuuzia, yana meno. Ya mbele kushoto na mwenzake, baada ya ile klok klok, njoo uyaone mwenyewe kabla ya kutaja bei.